Kisu cha Nahum Kilikuwa Kizima

Njia ya Reli, Na. 7,
Colonia Raquel,
Entre Ríos, Argentina.
14 Mei 1996

Mpendwa mdogo wangu Zalmen,

Amani ikufikie huko Yerusalemu, wewe na nyumba yako yote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, figo zako zimetulia, na yale mawe yametoka bila kukutoa machozi. Wifi yangu Rivke anaendeleaje na magoti yake? Na watoto je? Yule wa nne aliyechelewa kusema, ameanza kusema? Mwombee asije akapata ulimi wa shangazi yake.

Sisi tu wazima. Mvua imenyesha wiki mbili mfululizo na njia yetu imekuwa tope tupu. Kuku wangu wamegoma kutaga. Paa la sinagogi linavuja upande wa wanawake, na kamati imesema italiangalia, kama ilivyosema mwaka jana. Mimi nina kikohozi kidogo, lakini kila asubuhi nakunywa yerba, chai yetu ya huku, ikiwa ya moto kwenye kile kibuyu cha marehemu mama, kwa bomba lile lile la fedha ulilokuwa ukilitafuna ulipokuwa na meno ya utoto.

Barua yako ya baada ya Pasaka nimeipata. Umeandika kurasa mbili za salamu na mistari mitatu ya unachokitaka, na kwa kuwa nakujua, nilianza kusoma na ile mistari mitatu. Unauliza kwa nini shemeji yako Nahum hajarudi machinjioni, wakati umeshamrudishia kisu chake na jina lake, na wale wageni wa Ulaya wanataka kuja tena kumpiga picha. Umeandika: "Dada, mwambie aache kununa."

Hanuni, Zalmen. Nitakueleza, na nitakueleza polepole, maana mambo yanayokuhusu huwa unayasoma mbio mbio.

Nianze na siku ile ya Machi, mwaka juzi, kwa sababu nadhani umejizoeza kuikumbuka vibaya. Ulikuwa umekuja na wachinjaji wako sita kutoka huko, ukaweka amri ya ng'ombe themanini kwa saa. Nahum alikuwa na miaka thelathini na mmoja katika kazi hiyo. Hajawahi kuona kasi kama ile, lakini wewe ndiye mkubwa wa kazi, akanyamaza akakaa kwenye nafasi yake.

Unajua ng'ombe wanavyoletwa, ila sijui kama huwa unatazama. Mmoja mmoja anasukumwa kwa fimbo ya umeme. Mguu wa nyuma unafungwa mnyororo, mashine inauvuta juu mpaka anaanguka kwa ubavu kwenye saruji iliyolowa. Watu wawili wanamkalia. Wa tatu anamvuta kichwa kwa uma wa chuma mpaka koo linaangalia dari. Hapo ndipo anakuja mtu wa Mungu na kisu chake kisafi. Nahum alikuwa akiniambia mezani kwamba kisu tunakipitisha kwenye ukucha mara kumi na mbili, upande huu na upande ule, tukitafuta pengo dogo kuliko punje ya chumvi, ili mnyama asihisi kitu. Na mnyororo, alisema, hatujaupitisha kwenye kitu chochote hata mara moja.

Yule maksai mwekundu alikatwa vizuri. Hilo hata wewe hukulikataa. Mkono wa Nahum ulipita mara moja bila kusita, kama sheria inavyotaka. Lakini mnyororo ulifyatuka, na yule mnyama akasimama. Ramón Ojeda, yule anayeshika mnyororo, alinisimulia hapa hapa mlangoni kwangu huku kofia iko mkononi. Alisema yule maksai alitembea na koo wazi mpaka kwenye mlango alioingilia, akasimama pale kama anayesubiri afunguliwe. Alifungua kinywa alie, na sauti ikatokea shingoni. Wanaume arobaini walikuwa wakimtazama. Bastola ya kumzimisha ilikuwa kiunoni mwa Ramón, lakini amri yako, yako wewe, si ya Musa, inasema mnyama akishapitiwa na kisu asiguswe mpaka atulie, kwa kuwa wanunuzi wako wakali hawataki nyama yenye maneno maneno. Saa ya ukutani ilihesabu dakika moja, ikaanza ya pili. Nahum ndiye aliyepiga kelele.

"Ramón, mmalize! Unangoja nini?"

"Mzee, bwana mkubwa anatuangalia."

"Muache aangalie. Piga!"

Ramón akapiga. Kisha Nahum akafuta kisu, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema hakati mwingine mpaka aletwe akiwa amesimama kwa miguu yake minne. Kutesa kiumbe hai ni haramu kwetu, akasema, na haramu hiyo haianzi pale kisu kinapogusa koo. Kazi ikasimama dakika arobaini. Najua zilikuwa arobaini, kwa sababu wewe umenitajia hesabu hiyo mara nyingi kuliko umri wa watoto wako.

Ndipo ukanyoosha mkono, ukasema, "Shemeji, nipe kisu." Ni haki yako, mkaguzi anaweza kukiomba wakati wowote. Ukakipitisha kwenye ukucha wako mbele ya watu wote, polepole, macho umefumba. Ukasema neno moja.

"Pengo."

Zalmen, wewe umekulia katika mji huu. Ulijua neno hilo lingefanya nini. Kufikia adhuhuri mji mzima ulikuwa umesikia kwamba kisu cha Nahum ni kibovu, na nani ajuaye kimekuwa kibovu tangu lini, labda tumelishwa mizoga miaka yote thelathini. Sheria haiendi mbali hivyo, nawe ungeweza kuwaambia kwa sentensi moja. Ulikuwa unafunga sanduku. Wanawake wakaanza kuchemsha masufuria yao ili yatakasike. Vyungu vya udongo havitakasiki, ni vya kuvunja tu, na wakaamua wavivunjie wapi? Mbele ya nyumba yangu. Clara Fainberg alikuja na vinne, akafuatiwa na dada zake. Wengine walileta mpaka sahani za chai ambazo hazijawahi kuona nyama. Nilifagia vigae siku tatu. Nahum alikuwa ndani, ameketi, anasikia kila kimoja kikipasuka.

Sasa nifike kwenye dhambi yangu, maana nisikuache ukadhani nimekuja kukuhukumu nikiwa nimevaa nyeupe.

Jioni ile kabla hujaenda kupanda basi, ulikuja jikoni kwangu ukanywa yerba. Nilikuuliza kama kweli kulikuwa na pengo. Ukasema: "Dada, ningefanyaje? Niwaandikie wanunuzi kwamba kazi imesimama kwa sababu shemeji yangu kamwonea huruma ng'ombe? Kisu kibovu wanakielewa. Huruma wangenicheka." Ukaniomba nisimwambie. Ukasema ni jambo la miezi mitatu, litapoa, utamrudisha kimya kimya.

Sikumwambia. Nilikulea tangu una miaka mitano. Nilikufuta kamasi, nikakutoa chawa, nikakuvalisha suruali niliyoikata kwenye koti la baba. Siku hiyo nilimpima mume wangu na wewe, nikakuchagua wewe. Miezi mitatu ikawa miaka miwili.

Na katika miaka hiyo miwili, ulifikiri alikuwa anafanya nini? Alikuwa anakagua visu. Kisu cha mkate, kisu cha vitunguu, kisu cha kuondolea magamba ya samaki. Alivipitisha kwenye ukucha wa kidole gumba asubuhi, mchana na jioni, huku amefumba macho, akitafuta lile pengo ambalo kidole chako kililiona na chake kikalikosa. Ukucha ukapasuka katikati na haukuunga tena. Nilikuwa nikimfunga kitambaa na kumwambia, "Acha, baba Perla, utajiumiza." Nilikuwa na dawa yake mdomoni mwangu, nikawa namfunga kitambaa.

Kisha akaja huyu mchumba wa binti yetu Perla, Saúl Grinblat wa Buenos Aires, kijana mwenye macho mazuri na mama mwenye maswali. Mama yake alinipigia simu mwezi wa Januari. Alianza kwa kuuliza hali ya hewa. Halafu akasema, "Tumesikia baba wa binti alinyang'anywa kisu. Si kwamba tunaamini ya watu, Doña Dvoira, lakini utanielewa, mwanangu ni mmoja tu." Nikamwelewa. Harusi ikaahirishwa mpaka atakapopata maelezo.

Na wewe ukanusa. Februari ikaja barua yako ya kurasa tatu. Huko Ulaya, ukasema, watu wanaelekea kutuzuia kuchinja kwa njia yetu, wanasema ni ukatili, na kuna wageni watakuja kutazama kwa macho yao. Unataka mchinjaji wa hapa, mzee, mwenye ndevu nyeupe na Kihispania kizuri, awaeleze kwamba mnyama hasikii kitu. Akifanya hivyo, utaandika kwamba ulikosea na kisu kilikuwa kizima. Ukaandika mwishoni, "Ni wewe tu unayemweza, dada."

Hapo hukukosea. Nilimkalisha jikoni nikamwambia yote. Nilidhani atafurahi kusikia kwamba kisu kilikuwa kizima.

"Umejua tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu siku ile."

"Ipi? Hii barua ilipokuja?"

"Siku ile ya vyungu, Nahum."

Hakupiga kelele. Alitazama kidole chake gumba muda mrefu. Akasema, "Miaka miwili nimefikiri kidole hiki ndicho kimenisaliti. Kumbe ni wewe." Kisha akasema, "Haya, kwa ajili ya mtoto. Niandikieni maneno, nitayasema."

Siku ya wageni ulikuwa huko umelazwa na mawe yako, kwa hiyo nikupe picha. Machinjio ilikuwa haijitambui. Mnyororo umefichwa, fimbo za umeme zimefungiwa stoo ya chumvi. Kimeazimwa kizimba cha chuma ambamo ng'ombe anasimama wima, kidevu kimeinuliwa kwa taratibu. Ng'ombe ishirini kwa saa. Wafanyakazi wote wamevaa makoti meupe ambayo mikunjo ya dukani ilikuwa bado inaonekana. Ramón alimsogelea Nahum akamwambia sikioni, nami nikasikia, "Mzee, leo ng'ombe wako kwa kinyozi. Bado kuwauliza wanataka ndevu za namna gani." Nahum hakucheka.

Walikuja watatu na mkalimani. Kulikuwa na mama mmoja mwembamba mwenye daftari ndiye aliyekuwa anauliza. Nahum alimwonyesha kisu, akampitishia kwenye ukucha wake mwenyewe ili ahisi kilivyo laini kama maji. Akamwambia, "Mama, kisu hiki kikiwa kizima, na mkono usiposita, mnyama hajui ni nini kimempitia." Haya hukumwandikia wewe. Aliyasema kwa moyo wake, na anayaamini mpaka sasa. Yule mama akainamisha kichwa, akaandika. Kisha akatazama kile kizimba, na makoti, na sakafu iliyosafishwa, akauliza swali moja ambalo halikuwamo katika kurasa zako tatu.

"Na hivi ndivyo mnavyofanya kila siku?"

Nahum akageuka kunitafuta. Nilikuwa mlangoni na sinia la keki ya asali kwa ajili ya wageni. Alikuwa ananiuliza, Zalmen. Mbele ya watu wote hao mume wangu alikuwa ananiuliza kwa macho, na mimi nikamwitikia kwa kichwa.

"Kila siku," akasema.

Karatasi yako ilifika kwa faksi ofisini kwa sinagogi kabla keki haijaisha. Ikasomwa Sabato ile ile, na mihuri yako miwili. Clara Fainberg alikuja Jumapili na mkate wa zabibu, akanikumbatia. "Dvoira mwenzangu, sisi tulijua tu!" Nikamwambia, "Vyungu navyo vilijua?" Akajitia hasikii. Mama Grinblat naye akapiga simu, safari hii bila hali ya hewa, akapanga harusi wiki ya tatu baada ya Sikukuu ya Majuma.

Jumatatu Nahum aliamka, akavaa viatu vya mpira, akasimama navyo mlangoni, akavivua. Nilimuuliza kulikoni. Akaniambia kama mwalimu anayemfundisha mtoto mzito:

"Sheria inasema mchinjaji awe mtu wa kuaminika. Aliyetoa ushahidi wa uongo hafai. Kisu chake hata kikiwa kizima, anachokata ni mzoga. Zalmen aliposema sifai, nilikuwa nafaa. Leo anasema nafaa, na sifai. Nikichinja, mji mzima utakula haramu, na safari hii itakuwa kweli."

Hilo ndilo unaloliita kununa.

Kijitabu chako ulichonitumia nimekisoma chote, kile kinachosema kwamba hakuna nyama duniani inayopatikana kwa huruma kama yetu. Mimi si msomi. Ramón amefanya kazi pia kule wanakozimisha kwa bastola, anasema kuna siku bastola inapiga mara tatu na ng'ombe bado anakutazama. Kwa hiyo sitawasifu wengine ili nikuumize, ingawa ningependa. Ninachokiona ni kidogo. Sheria yetu ilimwekea mnyama mtu mmoja amwogope Mungu kwa niaba yake, amesimama karibu naye dakika ya mwisho kabisa. Mtu huyo tulikuwa naye. Wewe ulimvunja mara ya kwanza, nami nikammalizia.

Sasa sikiliza kilichobaki. Wiki iliyopita Nahum alimwita Perla, akamweleza mambo yote bila kuficha, hata langu. Akamwambia anataka kusimama Sabato hii mbele ya Torati na kutamka kwamba alisema uongo, na kwamba kila siku ni mnyororo. Lakini akamwambia pia kwamba harusi ni yake, akisema asisimame, hatasimama. Perla akalia kwanza. Halafu akajipangusa akasema, "Baba, kama akina Grinblat wanaoa kwa sababu ya karatasi, basi wakaioe karatasi yenyewe." Akaenda chumbani akafunga mlango, na tangu hapo hajanisemesha. Saúl hajajua. Huenda akabaki, huenda akaondoka. Mama yake namjua ataondoka.

Nimempigia Nahum pasi suti yake nyeusi. Na akishamaliza kusema chini, nitasimama mimi kwenye ghorofa ya wanawake, chini ya lile paa linalovuja, niseme uliyoniambia jikoni. Najua sheria yetu haipokei ushahidi wa mwanamke. Hawana haja ya kuupokea. Wake zao watakuwa wamekaa kushoto na kulia kwangu, nao ndio wanaopika.

Ningeweza kukupigia simu, Zalmen. Namba yako iko ukutani. Ungeniita dada, ungelia kidogo, nami ningelainika, kama siku zote. Ndiyo maana nimechagua posta. Barua kutoka huku hadi kwako huchukua wiki tatu.

Msalimie sana Rivke, na mjomba Leizer akija kwenu sikukuu. Wabusu watoto mmoja mmoja, huyo wa nne mara mbili. Perla yuko nyuma ya mlango, kwa hiyo salamu zake sinazo. Nahum nilimuuliza kama ana neno la kukuambia, akasema hana.

Mungu akuponye figo, akujalie miaka mingi, na katika hiyo miaka akupe mtu atakayekutazama kwa macho na kukuuliza kama aseme kweli.

Ni mimi dada yako niliyekulea, ninayekupenda hata leo, na sijui niufanyeje upendo huo,

Dvoira